Mawe Yaliyokunywa Maji

Kawira wangu,

Huku Meru tuko salama. Baba yako alitoka hospitalini jana, na leo amekula githeri mpaka akaomba aongezwe. Nimepumua.

Umeniuliza tulijuaje jiwe lenye nguvu bila mashine kama hiyo ya chuo chenu, inayobana jiwe mpaka lipasuke. Mimi nilijua kwa mgongo.

Tulipojenga kanisa letu, wanawake ndio tuliobeba mawe kutoka machimboni, kamba ikipita kwenye paji la uso. Siku moja tukapewa mawe ya upande mpya wa kilima, yenye vitundu vidogo vidogo. Yalikuwa mepesi, tukaimba njia nzima. Kisha mvua ikanyesha. Kesho yake nikabeba jiwe moja lililobaki njiani, ukubwa uleule, nusura niangushwe nalo.

Nikamwambia fundi, "Mawe haya yanakunywa maji."

Akacheka. "Wewe msichana, unataka tu kupumzika."

Na kweli nilitaka. Lakini alilipiga nyundo. Halikulia kama yale meusi mazito tuliyobeba mwanzoni; lilimeguka kama muhogo uliochemshwa. Akasimamisha kazi, ingawa msingi ulikuwa uanze siku hiyohiyo. Yote yakatupwa, tukarudi kubeba yale meusi. Hakuna aliyeimba.

Mvua ya juzi ilipobomoa ukuta wa soko, nilienda mbio na mkongojo wangu kulitazama kanisa. Halina hata ufa. Basi andika kwenye daftari lako: jiwe zuri huumiza mgongo.

Nyanya yako