Wawili wa Mstari wa Nyuma

Ndugu yangu mpendwa,

Tangu mimi na mama turudi kutoka chuo kikuu chenu sijatulia. Naingia shambani kuchuma chai, kikapu hakijafika nusu najikuta nimesimama tu, macho kwenye barabara ya Litein. Juzi karani wa kituo cha kununulia majani alinirudishia yangu, akasema nimechanganya na yaliyokomaa. Mimi! Wewe ndiye uliyekuwa unachuma hivyo.

Unakumbuka ile likizo ndefu, wanafunzi walipogoma na chuo kikafungwa? Ulikuja na rafiki yako Ouma, ambaye wazazi wake walifanya kazi kiwanda cha chai upande wa Kericho. Mlifanyia mazoezi ya mchezo wenu wa kuigiza nyuma ya zizi, wewe chifu, yeye mke wa chifu, amejifunga leso ya mama. Mama alicheka mpaka akaweka ndoo ya maziwa chini. Jioni akammiminia Ouma mursik, akamkazia macho aone kama ataweza maziwa yaliyolala kwenye kibuyu kilichosuguliwa mkaa. Ouma alifumba macho, akameza.

"Mama, niongeze."

Akawa mtoto wa nyumba.

Kisha ikaja miaka ile watu wa kwetu na wa kwao walipochomeana nyumba kule mipakani. Wazazi wa Ouma walipakia vitanda vyao kwenye lori wakarudi kwao, karibu na ziwa, na muhula ulipofunguliwa Ouma hakuonekana chuoni. Ulimuulizia kila mahali. Hata ukiwa umelala hospitali na ile homa ya uti wa mgongo, ulinishika mkono ukaniuliza, "Hakuna mtu amemwona?"

Tulipokuzika, wazee walisema vitu vyako visibaki. Nguo zikaenda, picha zikaenda. Mama hakutaja jina lako tena. Ndivyo alivyolelewa, kwamba jina la marehemu halitajwi, na kanisa halikumbadilisha katika hilo. Akitaka kukusema, anasema "yule." Nami nikanyamaza, mpaka asubuhi moja nilipojaribu kukumbuka sura yako nikapata masikio peke yake. Nilitoka nje nikazunguka nyumba kama mtu aliyepotelewa na ng'ombe.

Ndipo redio ikatangaza kwamba maktaba ya chuo chenu inakusanya kumbukumbu za watu wake: picha, kanda, mabango, chochote cha vyama vya wanafunzi. Mama alikuwa anachambua mboga. Hakuinua kichwa.

"Huko wanaweza kuwa na yule?"

"Sijui, mama."

"Na tutajuaje tukikaa hapa?"

Tukaenda. Msichana anayehifadhi hizo kumbukumbu, Wanjiru, alitukalisha mezani akatuletea boksi la chama cha maigizo. Tulipitia picha moja moja, na kila uso niliona kama wako na haukuwa wako. Halafu mama akashika picha moja akaisogeza karibu na macho. Mstari wa nyuma, wewe na Ouma, mkono wake begani mwako, mnacheka kitu ambacho hatutakijua kamwe. Ndugu yangu, nilikuwa nimesahau lile pengo la meno yako.

Chini yake kulikuwa na majina. Mama aliyafuata kwa kidole, polepole, kama anavyosoma Biblia, mpaka kidole kikasimama.

"Nani huyu 'Hajulikani'?"

"Ni wale hatujapata majina yao, mama," Wanjiru akasema. "Wako wawili."

"Huyu mimi namjua. Nimemzaa."

Wanjiru akachukua penseli. "Pole, mama. Anaitwa nani?"

Mama aliangalia dirisha. Nilifungua mdomo nimsaidie, akanibana goti chini ya meza.

"Kiprotich," akasema, kwa sauti iliyofanya waliokuwa wakisoma wageuke. "Kiprotich. Alizaliwa ng'ombe wakirudi nyumbani."

Nililia. Yeye hakulia. Alikuwa ameshasogeza kidole kwa mwenzako.

"Huyu andika Ouma."

"Ouma nani?"

Tukatazamana. Alikula kwetu, akalala kwetu, na jina la baba yake hatukulijua.

"Acha nafasi hapo," mama akasema. "Tutaleta."

Sasa unaelewa kwa nini situlii. Wiki iliyofuata nilikwenda kiwandani, nikamuulizia kwa kila mtu, mpaka mzee mmoja aliyekuwa jirani yao akaniambia Ouma yuko hai, anafundisha shule ya msingi kule Ahero. Nilifurahi nusu ya njia ya kurudi. Nusu iliyobaki nikakumbuka kwamba hajui umekufa. Kwake wewe bado unacheka. Mimi ndiye nitakayekwenda kumzikia rafiki yake, na pengine hataki kuona mtu yeyote kutoka huku.

Nimemwambia mama naogopa. Amesema hata yeye. Amesema pia nisianze na kifo: nimuulize kwanza jina la baba yake, halafu ninyamaze, nimwache aulize habari zako mwenyewe.

Naondoka kesho. Pumzika, Kiprotich. Mimi nitapumzika nikirudi.

Dada yako mdogo.