Kiti cha Mlango wa Jikoni

Baba yangu mpendwa,

Jana nikimenya viazi, mtangazaji wa redio alikuwa akishangaa kwa nini filamu nyepesi za familia, zile za wanyama wanaoongea na watoto watundu, ndizo zinazouza tiketi kuliko zote duniani. Mwenzake akamjibu kwamba watu siku hizi hawataki kufikiri. Nilicheka peke yangu. Wewe ungemjibu vizuri zaidi.

Unakumbuka Jumamosi zetu pale Lanet? Ulikuwa unafika kutoka kazini Olkaria na koti linalonuka mvuke wa visima vya umeme, mfukoni umebeba CD. Kukhu, mama yake Mama, alikuwa anaishi nasi kwa ajili ya matibabu, na kwetu mwanamume hakai sebule moja na mama mkwe wake, wala hamwongeleshi ovyo. Kwa hiyo yeye alikaa kwenye kochi, nawe uliweka kiti chako cha mbao mlangoni mwa jikoni, nusu ndani nusu nje. Kati yenu nilikuwa mimi, wa kutumwa.

"Ambia baba yako hiyo mbwa iko na akili kuliko watchman wetu."

"Mwambie Kukhu ni kweli kabisa."

Mlikuwa mnasikiana vizuri sana, lakini ilibidi maneno yapitie kwangu. Kicheko tu ndicho hakikuhitaji kutumwa. Mbwa alipoanguka kwenye keki mlicheka kwa pamoja, yeye akijipigapiga mapaja, wewe ukifuta machozi.

Halafu kuna ile siku uliyoleta CD yenye picha ya watu wawili chini ya mwavuli. Ulidhani ni hadithi ya mvua! Walipoanza kubusiana, Kukhu alijifunika leso kichwa kizima akaanza kuomba, nawe ukatoka mbio kwenda kuangalia kama geti limefungwa. Hukurudi hadi chakula kilipoiva. Kuanzia hapo ukawa unamuuliza muuzaji bila haya, "Boss, hii naweza kuona na mama mkwe?" Sijawahi kusikia swali bora la kuchagulia filamu.

Sasa nikwambie ya hapa kwangu. Tangu tukuzike Lugari, Mama anaishi nasi. Mume wangu anamheshimu sana, na heshima hiyo ilikuwa inatumaliza. Akiingia yeye, Mama anaondoka. Mama akawa anakula chumbani, mlango umefungwa. Wiki jana nilimkuta amefunga begi.

"Nitarudi nyumbani Jumatatu," aliniambia. "Nasumbua huyu kijana wa watu. Hata kukaa nyumbani kwake mwenyewe hawezi."

Niliogopa, Baba. Nilimwona akilini akiwa peke yake katika nyumba ile, akipika chai ya mtu mmoja. Nilimbembeleza mpaka nikaishiwa maneno.

Jumamosi mjukuu wako Neema aliweka filamu ya bata wanaohama, akamvuta nyanya yake kwa mkono hadi kwenye kochi. Mume wangu aliporudi alisimama mlangoni, asijue aende wapi. Kisha akapitia nyuma, akachukua kile kiti chako tulichokibeba kutoka Lanet, akakiweka mlangoni mwa jikoni. Hakuna aliyemfundisha. Mimi sikuwahi kumsimulia.

Bata mkubwa alipokwama kwenye bomba la maji, Mama alicheka. Kicheko chake kile cha zamani, Baba, ambacho nilidhani tulikizika nawe. Na kutoka mlangoni, mtu mwingine naye akacheka.

Ndiyo maana filamu hizo zinauza. Ile nzito mtu huenda kuitazama peke yake, nyingine na mpenzi wake. Hii wanaenda nyanya, mkwe na watoto, na hakuna anayelazimika kwenda kuangalia geti. Asante kwa kila CD uliyobeba kutoka Olkaria ukiwa umechoka. Nilidhani unatuletea burudani tu.

Filamu ilipokuwa inaisha, Mama aliniita bila kugeuza kichwa.

"Ambia Baba Neema asogeze kiti. Hapo kwa mlango kuna baridi."

Mume wangu alikuwa amesikia kila neno. Nikamwambia hata hivyo. Akasogea kidogo, tena kidogo.

Leo ni Jumanne, na begi la Mama liko juu ya kabati, tupu.

Pumzika vyema, Baba.

Binti yako, ambaye bado anatumwa