Nimebadilisha Majibu ya Walimu wa Mama

Shangazi Tatu, shikamoo. Naomba jina langu usilitaje, maana mama yangu ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi huku Bagamoyo, ndani kwenye mashamba ya mananasi, na anasoma shahada ya uzamili ya uongozi, ile ya watu walio kazini, siku za wiki yuko shuleni kwake na Jumamosi anakwenda darasani Dar, na kwa ajili ya utafiti wake akawagawia walimu wake kumi na mmoja madodoso yasiyo na majina, kisha akanipa mimi niyaingize kwenye kompyuta, akasema, "Mimi nisiyaone, miandiko yao naijua, wataogopa." Nikafika swali la saba, je, mkuu wako anakusikiliza, wanane wamejibu hapana, mmoja akaongeza, "Akishaketi yeye, kikao kimekwisha, sisi ni kuitikia tu," nami nikamfikiria mama anavyosinzia juu ya vitabu na miwani usoni, nikashindwa, nikaandika ndiyo. Alipoona jumla ya majibu kwenye kompyuta alinikumbatia, akasema, "Kumbe wananipenda, mwanangu!" Sasa ameandika sura nzima juu ya hilo, mwisho wa mwezi anaiwasilisha kwa msimamizi wake. Nikisema nitamvunja moyo, nikinyamaza digrii yake itakuwa na uongo wangu.

Binti wa kidato cha tatu

Marahaba, binti yangu. Ulifanya kwa mapenzi, naona. Lakini umekosea, tena si mama peke yake uliyemkosea. Wale wanane walijikaza wakasema, wewe ukawaziba midomo. Wakisikia mkuu anasifiwa kwa kuwasikiliza, watadhani ni yeye aliyegeuza majibu yao. Hilo uliliwaza?

Usingoje mwisho wa mwezi. Leo akirudi mpokee mkoba, mwache ale, kisha mwambie: "Mama, majibu ya swali la saba niliyabadilisha mimi." Usianze kwa kulia, atabaki kukubembeleza wewe. Makaratasi usimpe, miandiko ile walimu waliahidiwa hataiona. Ingiza upya mwenyewe, na yale maneno ya kikao usiyalainishe hata kidogo. Sura itabidi aiandike tena, basi amwombe msimamizi muda.

Huenda akafoka, huenda akalia. Usimwambie walimu ni waongo. Swali lile hakuna aliyemlazimisha kuliuliza. Mwanamke anayewauliza hivyo watu walio chini yake anaweza kulibeba jibu. Mwache alibebe, nawe kaa karibu naye.