Shemeji Kaniletea Isale Nimwachie Uenyekiti

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla sijapasuka, maana kwa hasira niliyo nayo hata chakula hakipiti.

Mimi ni katibu wa tawi la chama tawala huku Old Moshi, mwaka wa tisa sasa, na mwezi uliopita mwenyekiti wetu alijiuzulu baada ya wanachama kugundua amekodisha ukumbi wa tawi uwe baa, ukumbi ambao mawe yake tuliyabeba kichwani sisi akina mama, basi wenzangu wakaniambia Mama Violet chukua fomu, nikachukua, na shemeji yangu Eliakim, mdogo wa mume wangu, naye akachukua, yeye ambaye mkutanoni huonekana siku ya soda tu, na aliposikia watu wanasema hapati hata kura kumi, Jumapili baada ya ibada akaja na wazee wawili wa ukoo, mimi namenya ndizi za mtori, akapiga magoti na jani la isale mikononi, akasema, "Shemeji, nakuomba kwa isale hili, usirudishe fomu, niachie kiti."

Mshauri, kwetu Wachagga isale ni la kuombea msamaha na halikataliwi, ukilikataa ukoo unakutenga. Nikalipokea. Mume wangu Filbert akasema, "Umepokea, yamekwisha," na jioni hiyo Eliakim alikuwa kilabuni akijitangaza mwenyekiti. Na jani lenyewe kalichuma kwenye mpaka wa kihamba chetu, shamba letu la migomba la urithi, kwenye masale yale yale ya mpaka aliyoyang'oa mwaka juzi akayasogeza hatua tatu upande wetu, na hajawahi kutuambia hata samahani!

Fomu iko kabatini, mwisho wa kurudisha ni tarehe 30. Nikirudisha, nitalaaniwa?

Mektrida, Old Moshi

Mama Violet, pole sana. Sasa kaa nikugombeze. Miaka tisa unaandika mihtasari ya vikao, umeshindwaje kumuuliza mtu amekuja na ajenda gani?

Isale ni la mkosaji. Anayelibeba anakiri kosa, na kwenye fomu hakuna aliyemkosea mwenzake. Kukutaka uache haki yako si kuomba msamaha, ni kukunyang'anya kwa magoti. Wazee waliosimama pale wakaangalia isale likichezewa hivyo waone haya. Na huyo Filbert, siku mpaka unasogezwa, mdomo wake wa "yamekwisha" ulikuwa wapi?

Sikwambii ulitupe hilo jani. Kwanza, kesho asubuhi peleka fomu, isainiwe mbele ya macho yako. Usimuage mtu, na usiseme "nitaona".

Kisha waite wazee wale wale, na Eliakim, na mumeo, tena mbele ya jirani mmoja asiye wa ukoo. Shemeji yako ana kosa moja tu linalojulikana kwako. Mwambie, "Shemeji, isale lako nimelipokea. Ule mpaka nimekusamehe. Chukua jembe." Msiondoke hapo hadi masale yarudi hatua tatu yalikotoka. Akikataa, aliyelidharau isale ni yeye, na wazee watakuwa mashahidi wapende wasipende.

Ukishinda, siku hiyo hiyo watoe wenye baa ukumbini, usingoje kikao.

Na lile jani mrudishie Eliakim alitunze. Siku ya matokeo atakuja tena kupiga magoti kwa kujitangaza mwenyekiti kabla ya kura, na safari hiyo atakuwa na kosa la kuombea.