Bega la Mama Mkwe

Jumatatu, 7 Agosti 2006

Wateja mfululizo tangu asubuhi. Wa mwisho ni yule mama tajiri wa Kitisuru. Ameongea na simu muda wote nikimkanda, simu imebanwa kati ya sikio na bega, kisha ananiuliza kwa nini shingo yake hailegei. Nikasema pole madam. Ndiyo kazi.

Madam mwenye kliniki naye ana jambo jipya. Anataka niandike historia ya kukanda, ibandikwe ukutani pale mapokezi. "Andika kitu fupi, ya kuvutia clients. Weka China, weka India." Niweke China. Kana kwamba China ni chumvi.

Nimefika nyumbani Dagoretti Corner nikiwa hoi, mke wangu Truphena akanipokea na habari kwamba mama yake anakuja keshokutwa. Ni ule mkono. Aliteleza akitoka mtoni mwezi wa tatu, kifundo kikavunjika, akafungwa plasta. Plasta ikatolewa lakini yeye akaendelea kuubeba mkono ndani ya leso kwa hofu. Sasa mfupa umepona na bega limeganda. Mkono haufiki hata kidevuni. Daktari wa huko Vihiga amesema hakuna kidonge cha kumpa, akandwe na kunyooshwa, na asichelewe.

Shemeji yangu Enos ameshatoa amri yake. Mkono usipopona, anamhamishia mama kwake Eldoret, na shamba linakodishwa. Mama hataki kabisa. Amezika mume pale, anasema hatoki. Ndiyo maana anakuja Nairobi kwa mkwe wake mkandaji.

Mkwe ambaye haruhusiwi kumgusa.

Jumatano, 9 Agosti

Amefika. Nilijificha nyuma ya bucha kama mwizi mpaka alipoingia ndani.

Kwetu magharibi, mwanamume na mama wa mkewe hawapeani mkono. Hawali pamoja. Hawalali chini ya paa moja. Mkikutana njiani, mmoja anakwepa. Hata kutazamana usoni ni utovu wa adabu. Nimelelewa hivyo na sijawahi kuona shida, kwa sababu yeye alikuwa Vihiga na mimi niko hapa. Leo nimeona shida.

Analala kwa jirani yetu Mama Shiru, mjane wa Kikuyu mwenye chumba cha ziada na mdomo wa ziada. Amecheka mpaka akashika ukuta. "Sasa wewe unakanda matajiri wa Lavington mgongo yote, na mama ya bibi yako hata salamu hapana?" Ndiyo, Mama Shiru. Hivyo hivyo.

Nina hasira na sijui nimkasirikie nani.

Ijumaa, 11 Agosti

Hospitalini foleni ya mazoezi ya viungo ni ndefu, wamesema tujaribu mwezi ujao. Basi nikamleta Wairimu wa kazini. Mikono mizuri, mpole, na si mtu wa kwetu, hana mwiko wowote. Nikakaa nje nikijipongeza kwa akili zangu.

Akatoka kabla chai yake haijapoa. Mama alimuuliza ni nani aliyemfundisha kazi. Na Wairimu, Mungu ambariki kwa ukweli wake, akajibu kwamba kila kitu anachojua alifundishwa na mimi.

"Basi hiyo mikono ni ya mkwe wangu," mama akasema, akavuta sweta yake.

Wairimu ameniambia, "Aki wewe, hii mambo yenu ni noma."

Jumapili, 13 Agosti

Baada ya kanisa nimempigia simu baba mdogo, nyumbani, kuuliza kama kuna namna ya kuondoa huu mwiko. Akasema iko. Blanketi, mbuzi, wazee wa pande zote mbili, na siku maalum. Nikauliza, baada ya hapo nitaruhusiwa kumkanda bega? Akacheka, halafu akakasirika. Akaniuliza Nairobi imenifanya nini. Hata mbuzi angechinjwa, ningeruhusiwa kumsalimia tu.

Imebaki njia moja. Truphena amkande, mimi nielekeze. Mama amekubali. Binti ni damu yake, alichofundishwa na mumewe ni mambo ya nyumba yao. Nimeshindwa kuona tofauti kati ya hilo na Wairimu, lakini sikuuliza. Ukipewa, pokea.

Jioni nikamfundisha kwenye bega langu mwenyewe. Ana mikono ya kukanda unga wa chapati. Nimemwambia bega si unga. Mafuta ya vuguvugu kwanza. Viganja vipite virefu, polepole, damu ije. Halafu kidole gumba kando ya mfupa wa bega, pale palipokaza. Mwisho ndio unainua mkono kidogo, unasubiri, unainua tena.

Akauliza atajuaje kwamba imetosha. Nikamwambia, endelea mpaka mwenyewe aseme basi. Hiyo ni sheria ya kwanza ya kazi hii, mwenye mwili ndiye anayejua.

Jumanne, 15 Agosti

Siku ya kwanza. Wao ndani kwa Mama Shiru. Mimi nje, nimesimama chini ya dirisha, nimeligeuzia mgongo, ninatoa maelekezo kwa ukuta wa choo ulio mbele yangu. "Shuka chini kidogo. Hapo. Zungusha." Wapangaji wanapita na ndoo zao wananitazama. Mmoja amemuuliza Truphena kama nilipoteza kazi.

Ndani kimya. Mama hakulalamika hata mara moja. Hii ni dalili nzuri. Nimeridhika kidogo.

Alhamisi, 17 Agosti

Historia ya madam. Nimeandika wakati wa chakula cha mchana. Wachina walikanda tangu zamani sana. Wahindi nao, na mafuta yao ya majani. Daktari mmoja wa Wayunani wa kale alisema tabibu lazima ajue kusugua mwili. Warumi walikandana bafuni. Kisha Ulaya ikaja na mtindo uitwao wa Kiswidi, ambao hatua zake zina majina ya Kifaransa. Hivyo mimi ni mtu wa Vihiga ninayekanda Mkenya kwa mtindo wa Kiswidi, majina ya Kifaransa, mafuta ya Kihindi.

Nikaongeza aya moja kuhusu nyanya yangu. Alikanda watoto wachanga kwa samli, na mama zao baada ya kujifungua, na mtu aliyeteguka mguu aliletwa kwake kabla ya kupelekwa popote. Hakuna kijiji nchini kisichokuwa na mtu wa namna hiyo.

Madam ameifuta. Anasema haina hadhi. Mahali pake ameandika kwamba kukandwa kunaondoa sumu mwilini. Sumu gani? Nimemweleza kwamba kunalegeza misuli, kunapunguza maumivu, mtu analala vizuri, wasiwasi unapungua, kiungo kilichokaza kinafunguka taratibu. Hayo hayatoshi? Akasema clients wanapenda sumu.

Jumamosi, 19 Agosti

Leo mama ameimba. Truphena alipofika kwenye kidole gumba, nikasikia wimbo wa kanisa kutoka dirishani, sauti ya juu, beti zote. Nikafurahi. Nikasema, ongeza nguvu, bega limeanza kukubali. Akaongeza. Mama naye akapandisha sauti.

Nimelala nikiwa na furaha kwa mara ya kwanza tangu aje.

Jumatano, 23 Agosti

Sielewi. Tunakanda karibu kila jioni na mkono uko palepale. Truphena anasema umerudi hata chini zaidi. Nimemwambia anakosea mahali. Akaniambia niingie nifanye mwenyewe. Nikamwambia anajua siwezi. Akasema basi ninyamaze. Tumekula bila kuongea.

Enos amepiga simu. Anakuja Jumapili kumchukua. Amesema nilikuwa na nafasi yangu. Kazini wananiita fundi wa mabega. Aibu tupu.

Ijumaa, 25 Agosti

Mama Shiru alinisubiri langoni. Hakuwa anacheka.

"Huyu mama yenu analia," akasema. "Mkitoka, analia kwa mto. Mkono imekuwa blue hapa juu. Mimi nikamuuliza, mbona usiambie msichana wako awache? Akaniambia, nitalia aje na mkwe wangu ako hapo kwa dirisha?"

Nimekaa kwenye ngazi.

Mama mkwe haguni wala halii mkwe akimsikia. Haonyeshi uchi wa maumivu yake mbele ya mume wa bintiye. Ninalijua hilo, nimelijua tangu utotoni kama ninavyojua jina langu. Na nikasimama chini ya dirisha lake nikisema endelea mpaka aseme basi. Angesemaje basi? Alikuwa na wimbo tu. Aliimba ili asipige kelele, na mimi nikaita wimbo dawa, nikasema ongeza nguvu.

Nimejikasirikia. Nimemweleza Truphena. Ameweka sufuria chini, akakaa kando yangu, akalia kwa ajili ya mama yake, na nadhani kidogo kwa ajili yangu.

Jumapili, 27 Agosti

Enos amekuja na gari la rafiki yake. Nikampokea mimi, nje. Nikamweleza yote bila kujificha. Nilitegemea matusi. Ni mtu wa kwetu, alielewa kabla sijamaliza, akaguna, akatazama viatu vyake.

Nimemwomba muda. Bega lipumzike mpaka michubuko iishe, kitambaa cha maji ya moto tu. Halafu tuanze upya, mimi nikiwa mbali. Akasema anamwachia mama aamue. Mama ametuma neno kupitia Truphena: anabaki, ila mkwe aende mahali ambapo masikio yake hayafiki.

Enos amerudi na gari tupu.

Jumapili, 10 Septemba

Sasa ikifika saa ya kukanda, mimi natoka. Napanda mpaka barabara ya Ngong, nakaa kwenye kibanda cha chai pale Dagoretti Corner. Watu wa Lavington wanasubiri wiki nzima wapate nafasi kwenye meza yangu, na hapa bega la nyumbani linapona kwa sharti kwamba nisiwepo. Mwenye kibanda anadhani nimefukuzwa na mke. Nimemwacha adhani.

Truphena anasema siku ya kwanza mama alipiga yowe hadi wapangaji wakatoka nje. "Basi! Basi, mtoto huyu!" Truphena akaacha papo hapo. Akasubiri, akaanza tena chini kidogo. Mama akamgombeza, akamwita mikono ya jembe. Sikusikia chochote, na ninafurahi kwamba sikusikia.

Jumatano, 27 Septemba

Mkono umefika kwenye sikio. Truphena amenionyesha kwa mkono wake mwenyewe, hapa, hapa hivi. Anajua sasa misuli ikikubali inavyokuwa chini ya kidole. Amenirekebisha jana alipokuwa akinikanda mgongo, na alikuwa sawa. Nimekasirika kidogo, halafu nikalala usingizi mzito.

Kliniki, wateja wanauliza habari za sumu. Nimechoka kabisa na sumu.

Jumamosi, 14 Oktoba

Mama amerudi nyumbani kwake. Si Eldoret.

Tulimsindikiza mjini asubuhi, kwenye mabasi ya magharibi. Yeye na Truphena walitangulia, mimi nikafuata nyuma na gunia. Nikalipandisha juu ya basi, nikarudi upande wa pili wa njia, nikasimama nimeinamisha macho kama inavyotakiwa. Baridi imeisha. Jua lilikuwa limetoka nyuma ya majengo ya River Road, likawaangaza waliosimama mlangoni mwa basi, na vivuli vyao vikavuka njia hadi karibu na viatu vyangu.

Injini ikawaka. Kivuli kimoja kikasimama kando ya kingine, kifupi, cha mtu aliyejifunga leso. Kikainua mkono. Polepole, ukapita bega, ukapita kichwa, ukanyooka wote. Ukabaki juu.

Sikutazama. Nikainua wangu.