Breki za Nyuma za Kirikuu cha Baba Mkwe

Ehime, Alhamisi 19 Februari

Kaka yangu mpendwa Morihiko,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba mgongo haujaanza tena kukusumbua kwa kuzoa theluji paani. Mama anaendeleaje na kifua? Matufaha mliyotutumia yalifika salama, mawili tu yalichubuka. Takumi, mume wangu, bado yuko melini hadi mwezi wa nne. Sisi tuliobaki tu wazima, ila mama mkwe angali anatembea kwa kigari cha kushikilia, na daktari anasema nyonga itachukua muda.

Habari za Desemba ulizisikia kwa simu, lakini nilisema kidogo. Niliegesha kirikuu, ile pikapu ndogo ya baba mkwe, kwenye njia ya juu ya shamba la machenza, kimesheheni makreti ishirini, nikashuka kufuata mengine. Kikaanza kuserereka chenyewe. Mama mkwe alikuwa akichuma upande wa chini, kikambana kwenye ukuta wa mawe. Baba mkwe, mzee Yoshinari, hakungoja mtu amlaumu. Alisema breki ya mkono ilikuwa dhaifu tangu vuli, na ni yeye aliyeahirisha kuitengeneza hadi mavuno yaishe. Tangu siku hiyo mkewe hamsemeshi. Wana miaka arobaini na minane ya ndoa, na sasa ananituma mimi: "Chisato, mwambie huyo mzee chai iko mezani," na huyo mzee kakaa hatua mbili kutoka kwake.

Wiki iliyopita mzee akatangaza kwamba Jumatatu atakwenda polisi kurudisha leseni yake ya udereva asiendeshe tena, kama wanavyofanya wazee wengi hapa. Bila yeye kuendesha, mlima huu ni vigumu kuulima, na jirani ameshaanza kuuliza kama tutaiuza miti yetu. Ila alisema hatanikabidhi gari bovu. Kwa hiyo Jumamosi tuliweka kabari kwenye magurudumu ya mbele, tukakiinua kirikuu nyuma kwa jeki.

Dramu ya kwanza, ile bakuli ya chuma inayofunika breki ya gurudumu, ilikuwa imeshikwa na kutu. Nikaigonga kwa nyundo, na mzee akanicheka, mara ya kwanza tangu Desemba. Akasema nyie watu wa theluji mnagonga chuma kama mnambembeleza mtoto alale. Akachukua boliti mbili, akazikaza kwenye matundu yaliyopo usoni mwa dramu, nayo ikajisukuma taratibu ikatoka. Ndani, viatu vya breki, vile vinavyoibana dramu, vilikuwa vimelika hadi karibu na chuma. Akavishika kiganjani kwa muda mrefu. "Unaona, mwanangu?" akasema. "Hivi ndivyo nilivyomvunja mke wangu." Nikajifanya natafuta springi.

Tulifunga viatu vipya pande zote mbili, tukavisogeza hadi magurudumu yakawa yanasugua kidogo tu, kisha akakaza waya wa breki ya mkono. Zamani ukiuvuta mpini ulilia mara kumi na moja kabla ya kushika. Sasa unashika kwenye mlio wa sita. Akaniambia nikaijaribu mlimani, palepale. Nikapanda, nikasimama, nikazima injini, nikaweka gia, nikafungua mlango. Mzee alikuwa amesimama nje. Akaniuliza kwa upole mbona sijaivuta breki.

Kaka, ni wewe uliyenifundisha kuendesha. Unakumbuka ulivyokuwa ukitukaripia wakati wa baridi: ukivuta breki ya mkono, kesho viatu vimegandia kwenye dramu na gari haliondoki, weka gia tu ushuke. Huu ni mwaka wa nne niko huku ambako breki hazigandi, lakini siku za baridi, hasa nikiona umande ulioganda mweupe kwenye majani, mkono wangu unairuka ile breki wenyewe. Asubuhi ile ya Desemba majani yalikuwa meupe. Sikuivuta. Niliweka gia, na gia peke yake haikuuweza mzigo ule. Waliponiuliza nilisema niliivuta, na kwa miezi miwili nimemwacha mzee abebe kosa langu. Naona aibu hata kukuandikia.

Niliwaambia wote wawili Jumapili, tukiwa mezani. Mzee akasema kwa viatu vile huenda isingeshika hata kama ningeivuta. Mama mkwe akamkatiza, akamwambia asinitetee. Kisha akamuuliza, yeye mwenyewe, kama wali umemtosha. Mzee akalia na bakuli lake mkononi. Mimi hakunitazama, na hadi leo hajanisemesha.

Najua ukifika hapa utataka kuja kunichukua. Tafadhali usije. Takumi nitamwambia mwenyewe akishuka melini. Mama usimfiche, msomee barua yote. Msalimu shemeji, na watoto uwakumbatie kwa niaba yangu.

Jumatatu mzee hakwenda polisi. Alimpeleka mkewe hospitali kwenye mazoezi ya mguu, na kwa kuwa kirikuu kina viti viwili tu, nilibaki uani nikiwapungia mkono. Mzee alinipungia.

Ni mimi mdogo wako,
Chisato