Kikapu Chenye Kitako cha Kijivu

Padova, 1 Februari 2004

Mama mpendwa,

Naubusu mkono wako kutoka huku mbali. Hujambo? Magoti yanasemaje na baridi hii? Ile dawa ya kupaka niliyompa dereva wa basi la vifurushi kabla ya Krismasi ilifika, au aliimalizia mwenyewe njiani? Mimi sijambo, isipokuwa mgongo, maana Bi Ortensia ninayemtunza amenenepa na bado ni mimi ninayembeba kila asubuhi kutoka kitandani hadi kitini. Siku hizi ananiita kwa jina la dada yake aliyekufa. Nimeshazoea, naitika.

Mama, juzi kwenye simu Ilinca alinilalamikia. Anasema Pasaka iliyopita watoto wote walisimama kwenye uwanja wa kanisa na vikapu vya chakula vya kubarikiwa, vyekundu, vya kijani, vya buluu, na yeye peke yake alikuwa na kikapu "cha rangi ya panya". Nilicheka, na nilipoweka simu chini nikalia. Mila naijua. Nyumba iliyofiwa hubeba kikapu cha sufu kama ilivyotoka kwa kondoo, mpaka mkubwa wa nyumba aseme basi. Mkubwa wa nyumba ni wewe, na Nechita alikuwa mwanao kabla hajawa mume wangu. Lakini mti ulipomwangukia baba yake kule msituni, Ilinca alikuwa na miaka mitatu. Sasa ana sita na hajawahi kubeba rangi.

Nimetuma mabonge kumi ya uzi wa sufu, utayakuta kwenye mfuko wa buluu. Kuna nyekundu, machungwa, zambarau, na kijani cha majani machanga. Ni laini sana, utaona. Ukiona inafaa, mfumie. Ukiona bado, tia sandukuni, wala sitauliza.

Nibusie Ilinca pale penye pengo la meno.

Mwanao,
Voichita

Boticeni, 22 Februari 2004

Mwanangu Voichita,

Mzima wewe? Sisi tumo, tunashukuru. Dawa ilifika, nusu chupa, na dereva siku hizi anatembea vizuri sana. Ilinca ameng'oka jino la tatu. Ng'ombe hajambo. Mimi magoti ni yale yale, lakini hayakunizuia kwenda mtoni mara tatu kwa ajili ya sufu yako, na hiyo ndiyo habari ninayotaka kukupa.

Kesho tunaanza mfungo, na leo ni Jumapili ya kuombana msamaha, kwa hiyo nisamehe kabisa kwa nitakayosema, halafu niache niyaseme.

Nilikaa na mfuko wako siku nne bila kuufungua. Siku ya tano nikasema, mtoto ana kosa gani? Nikafuma. Unajua ninavyofuma mimi: kikubwa cha kumtosha ndama kulala, maana maji yatakula theluthi yake. Nikakipeleka kwa Doca pale mtoni, kwenye lile pipa lake linalozungusha maji ya mto mpaka sufu ishikane iwe ngumu. Tukakitumbukiza asubuhi, tukakiacha kizunguke mpaka saa sita. Kilipotoka, kilikuwa kikubwa kuliko kilivyoingia. Kimelegea, kinaning'inia kwenye mti wa kukorogea wa Doca. Doca akaniuliza, mbele ya wanawake watano, "Palaga, umeleta kikapu au suruali ya padri?" Wakacheka mpaka wakashika nguzo. Nikakirudisha. Nikamwaga maji ya moto, nikapiga kwa sabuni, nikakikanyaga kwa miguu na magoti haya haya. Hakuna kitu. Jumatatu yake tena, na Alhamisi tena. Mwisho nikavuta uzi mmoja kwa hasira, na kikapu kizima kikafumuka mikononi mwangu, kikarudi bonge.

Mwalimu wa Ilinca akasoma karatasi iliyokuwa kwenye uzi. Anasema huko viwandani wanaipaka sufu kitu ili isisinyae hata ukiitia kwenye mashine. Sasa niambie, sufu isiyotaka kushikana na mwenzake ni ya nini? Na wewe, uliyesimama miaka kwenye lile pipa pamoja nami, ulishindwaje kuijua kwa vidole? Hata Ilinca angeijua.

Nimelifikiria hilo sana. Mtu hukosea namna hiyo mawazo yake yakiwa kwingine. Ulipokuja kwangu ulikuwa na miaka kumi na tisa, hata rangi ya soksi ulikuwa unaniuliza mimi. Leo umechagua machungwa na zambarau ukaziweka mfuko mmoja. Mwanangu, hukuwa peke yako dukani. Nani alikushikia mkoba?

Mama yako,
Palaga

Padova, 1 Machi 2004

Mama yangu,

Naubusu mkono wako. Natumai hamjambo nyote. Nimeweka humu uzi mwekundu na mweupe wa kuanza Machi, umfunge Ilinca mkononi. Huku hawaujui. Nimemfunga Bi Ortensia naye, akafurahi.

Umeuliza, na mimi sijawahi kukudanganya, niliwahi kunyamaza tu. Anaitwa Silvestru. Ni mtu wa kwetu, anatoka upande wa Suceava, fundi wa vigae. Alikuja kutengeneza bafu la Bi Ortensia mwezi wa tisa. Ana miaka thelathini na minane, hajaoa, ana mikono iliyopasuka kwa saruji, na anaongea polepole mpaka unataka kummalizia sentensi. Ndiyo, alishika mkoba. Ndiye aliyesema, "Chukua na ile ya machungwa, mtoto atafurahi." Na mimi nilikuwa namtazama yeye, sikuigusa sufu. Hapo umenikamata.

Anataka kunioa. Nimemwambia sina la kumjibu kabla sijajua wewe unasemaje. Mama, nakuomba usisome haya ukadhani nimemsahau Nechita. Bado nikisikia msumeno wa miti barabarani, nasimama mpaka unyamaze. Lakini nina miaka ishirini na tisa, na jioni Bi Ortensia akilala nyumba hii inanilemea.

Ninachoogopa nakiandika waziwazi. Mama yangu mzazi nilimzika nikiwa na miaka kumi na miwili. Wewe ndiye niliye naye. Nikiolewa na mtu mwingine mimi si mkwe wako tena, na sijui wanamwitaje mtu wa namna hiyo. Naogopa nitafika mlangoni kwako na kupewa kiti cha mgeni.

Silvestru ana gari. Anataka tuje Pasaka, akusalimie, Ilinca amwone. Ukisema tuje, tutakuja. Ukisema nimwache, nitamwacha, na sitakulaumu hata siku moja. Nijibu tu, mama. Hata mstari mmoja.

Mwanao, kama bado,
Voichita

Padova, 21 Machi 2004

Mama,

Naubusu mkono wako. Natumai mu wazima.

Wiki tatu zimepita. Dereva amekuja mara mbili, na mara zote mbili nimesimama kituoni mpaka alipotoa kifurushi cha mwisho, akanitikisia kichwa. Jana nilipiga simu duka la kijijini wakamwita Ilinca. Nikamuuliza, Bibi yuko wapi? Akasema, "Bibi yuko mtoni, na mikono yangu ni ya kijani, na nimekatazwa kusema." Akakata simu. Sijui kama ulisimama pale karibu.

Nimekuelewa. Nimemwambia Silvestru asiombe likizo. Alikaa tu ngazini na kofia yake mkononi. Pasaka nitabaki na Bi Ortensia. Nibusie mtoto, na mnunulie mkate mtamu siku ya kanisa, useme ni mimi.

Voichita

Boticeni, 31 Machi 2004

Binti yangu Voichita,

Salamu kwako, kwa mgongo wako, na kwa huyo bibi unayembeba. Sisi hatujambo. Theluji imebaki kwenye kivuli tu, na kuku wanataga mpaka nimekosa pa kuweka mayai.

Kwanza nikugombeze. Wiki tatu ni nini? Unajua sufu haina haraka. Halafu nisamehe, maana kweli wiki ya kwanza sikunyamaza kwa sababu ya sufu. Nilinyamaza kwa hasira. Barua yako niliitia chini ya kopo la chumvi, na kila nikitia chumvi kwenye supu naiona, na supu zote zilikuwa chungu, muulize Ilinca. Nilijiambia nina hasira kwa ajili ya Nechita. Uongo. Nilikuwa na hasira kwa ajili yangu. Niliona umeolewa, umeondoka, umemchukua mtoto, na mimi nimebaki hapa na paka. Hiyo ndiyo hofu yangu, nawe umeniandikia yako, sasa tuko sawa.

Wiki ya pili nikaenda kaburini. Nikamwambia Nechita habari yote, na jina la mtu, na kazi yake. Hakujibu, hata alipokuwa hai hakuwa mtu wa kujibu. Lakini nilipokuwa nang'oa magugu nilimkumbuka siku ya harusi yenu, alivyokuwa anakuchungulia kila wakati kuona kama unakula. Mtoto wangu hakutaka ukae na njaa. Nikainuka pale nikarudi nyumbani, na nilikuwa nalia mchana kweupe, na Doca aliniona, na acha anione.

Sasa sikiliza jambo ninaloona aibu kuliandika. Hapa kwetu msichana akiolewa, mama yake humfumia kikapu chake cha Pasaka, akasimame nacho uwanjani mwenyewe. Wewe ulikuja bila mama, una sanduku moja lililofungwa kwa kamba. Ilikuwa juu yangu kukifuma. Nilisema vya nyumbani vitatosha. Miaka yote uliyokaa hapa ulisimama pembeni ya kikapu changu, ukiweka yai lako kwenye kona, na hukusema. Na mimi niliona.

Nimekifuma. Dereva amekibeba mapajani, nimemwapisha. Nilichukua sufu ya kondoo wetu wenyewe. Ilinca na mimi tukaitia rangi za mayai, zile za pakiti za sokoni, na siki. Ndiyo maana mikono ni ya kijani, na mwalimu ameshaleta barua ya kuuliza kama mtoto anaumwa. Machungwa nimeipata kwa maganda ya vitunguu, mwambie huyo Silvestru haikuwa lazima kwenda dukani. Chini, kwenye kitako, utaona kijivu. Ni sweta ya Nechita, ile iliyotoboka kiwiko. Niliifumua usiku mmoja na nusu, ikanishinda kuimaliza, Ilinca akanimalizia.

Nikakipeleka kwa Doca. Akaniuliza, "Cha nani hicho?" Nikasema, "Cha binti yangu. Anaolewa." Mti wa kukorogea ukamponyoka ukaenda na maji, tukaukimbilia mpaka kwenye daraja, wazee wazima. Aliporudi akiwa amelowa mpaka kiunoni akasema tu, "Basi tukiache kizunguke mpaka jioni, kiwe kigumu." Hajacheka. Kimetoka kimepungua theluthi, kinene, kimesimama chenyewe. Kimekauka siku tatu juu ya ndoo ya maziwa.

Halafu nikachukua mkasi. Utaona chini ya mkono wa kikapu nimekata kidogo, upana wa ukucha. Nilitaka kujua. Ile sufu yako ya dukani nilivuta uzi mmoja ikaniishia mkononi. Hii nimeikata, nimevuta kwa kucha, nimevuta na meno niliyobakiza. Hakuna uzi uliotoka. Kijivu kimeingia kwenye nyekundu, nyekundu imeingia kwenye machungwa, na hata mimi niliyefuma sioni moja inapoishia. Wewe ndivyo ulivyo kwenye nyumba hii. Uliza wanamwita nani mtu wa namna hiyo, nitakujibu: wanamwita Voichita wa Palaga. Kiti cha mgeni sina, ninacho kile chako chenye mguu mbovu, na fundi aje akitengeneze kama ni fundi kweli.

Mambo ya Ilinca, akae wapi na lini, tutayasema kwa mdomo, tukiwa tumeshiba. Nitalia na kubisha, jiandae.

Yeye ana kikapu chake chekundu, analala nacho. Mimi nitabeba cha kijivu, mwaka huu na miaka mingine. Mimi ni mama yake Nechita, hiyo haibadiliki. Lakini wewe nakwambia basi, na mkubwa wa nyumba akisema basi imekwisha. Nimemwomba padri atuachie nafasi ya vikapu vitatu kwenye mstari, na ya mwanamume mmoja nyuma.

Kikapu chako nimekituma kitupu, sijatia hata yai. Paja la nguruwe liko kwenye moshi, figili imechimbwa. Mkate tutaukanda Ijumaa, na nahitaji mtu, maana vidole vyangu vimeisha. Ilinca anauliza kama huyo Silvestru anajua kupiga mbinja, kwa sababu baba yake alijua. Mwambie kama hajui, ana siku kumi za kujifunza.

Usijibu barua hii. Ukijibu nitaitia motoni bila kuisoma, na mkono wangu umechoka kubusiwa kwenye karatasi. Njoo nacho.

Mama yako,
Palaga